Mwoga wa Nguzombili

Mimi ni mwoga kwa kuajiriwa. Nikiulizwa kazi yangu na kujibu hivyo, watu hucheka wakidhani nawatania. Wakishasikia kwamba niko Nguzombili, kicheko kinakatika chenyewe, maana hakuna mtu Mwanza nzima asiyejua kwamba wakubwa wa nyumba ile ya mitaji walishaondolewa woga zamani, wakabakiza mtu mmoja wa kuogopa kwa niaba yao. Mtu huyo ni mimi, Nkwimba. Naogopa giza, naogopa lifti, naogopa simu ikiita wakati sikuitegemea. Kwingine kote ningekuwa mzigo, ila pale nina kiti changu na mshahara wangu.

Asubuhi aliyokuja Zamaradi Mfinanga kuomba mtaji, nilikuwa nimeshaketi kichwani mwa meza, kishikizo kimebanwa nyuma ya sikio. Kishikizo hakizidi punje ya hindi. Kinasoma mapigo ya moyo, jasho, na vile vitu ambavyo mwili humwaga kwenye damu ukishtuka, kisha kinapeleka habari kwenye taa ya kioo iliyo katikati ya meza. Nikitulia, taa inabaki nyeupe. Nikiingiwa na wasiwasi inageuka njano. Nikiogopa hasa inawaka nyekundu, na wabia wote wanaacha walichokuwa wakifanya.

Wabia walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Ng'ambo ya meza, akinitazama, alikaa Mzee Rwezaura, mwanzilishi pekee aliye hai, akimenya karanga na kurundika maganda juu ya karatasi za wageni.

Zamaradi alikuwa binti wa Kipare, mwembamba, suti ya kijivu, vidole vikimtetemeka alipokuwa akifungua mkoba. Nilimpenda kwa huko kutetemeka. Akaweka mezani kichupa kidogo cha rangi ya kahawia.

"Ninyi wazee wangu mlifunguliwa fuvu ili mtulizwe," alisema. "Mkalazwa hospitali, mkanyolewa nywele. Hili halihitaji kisu. Ni tone moja puani, mara moja tu, mtoto akiwa na umri wa chekechea. Kabla hajamaliza pipi limeshafanya kazi, na hataogopa tena maisha yake yote."

"Hata kidogo?" Mzee aliuliza.

"Hata kidogo, Mzee."

Akatuonyesha filamu ukutani. Msichana aliyekuwa akilia kila mvua ikinyesha sasa amelala fofofo, radi zinapasua nje. Kijana wa miaka sita anapanda ukuta na kutembea juu yake huku akiimba. Kisha ikaja picha ya mama anayemwacha mwanawe kwenye geti la shule kwa mara ya kwanza. Mtoto akamwachia mkono, akaenda. Hakugeuka hata mara moja. Mama alisimama pale akimpungia mgongo.

Nilitazama taa, ilikuwa njano tayari.

"Shule zitaligombania," Zamaradi aliendelea, sauti sasa imeshika kasi. "Mtoto asiyeogopa hasumbui, hang'ang'anii nguo ya mzazi, haamki usiku kulia. Tumezungumza na wenye shule. Muda si mrefu, mtoto asiye na tone hatapokelewa popote."

Nilimfikiria mwanangu Shija, ambaye wakati huohuo alikuwa chini, kwenye chekechea ya kampuni, labda amemshika mwalimu sketi kwa sababu paka amepita. Nikafikiria Shija akiniachia mkono namna ile. Jasho jembamba likanitoka mgongoni, na taa ikawaka nyekundu, nyekundu kali ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kazi. Mikono ya wabia, maganda ya karanga, uso wa yule binti, vyote vilibadilika rangi.

Mmoja wao akapiga mluzi wa chinichini. Hawakunitazama mimi, waliitazama taa. Nikashusha pumzi. Nilijiambia: wameona, hili limekufa hapahapa.

*

Jengo letu liko juu ya mawe ya Isamilo, na baraza yake haina ukuta wa maana, ukingo tu wa saruji unaofika magotini. Nilimkuta Mzee Rwezaura ameketi kwenye ukingo huo, miguu anaining'iniza upande wa bondeni. Mimi nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Tumezungumza hivyo miaka yote, yeye nje mimi ndani, na hajawahi kuniuliza kwa nini.

"Kazi nzuri leo, Mama Shija," alisema. "Woga ule hata Leokadia hakuwahi kuufikia. Nataka ile nyekundu iingie kwenye filamu ya sherehe, ile ya historia yetu. Umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Akaanza kunisimulia, maana historia ya Nguzombili ndiyo kitu anachokipenda kuliko chakula. Walikuwa marafiki watatu: yeye, Bulugu na Leokadia. Walipanga chumba juu ya duka la nyavu, kiangazi kinawapika, wakawa wanasikiliza vijana wenye mashine zao za ajabuajabu. Yule wa kwanza alitengeneza jokofu lisilotaka umeme. Wa pili alikuwa na kifaa cha kupima maji. Desturi waliyoanza nayo ni ile aliyoijua Mzee nyumbani kwao Bukoba, ambako baba yake alipopokea wageni alipiga funda la kwanza la rubisi, ile pombe ya ndizi, yeye mwenyewe ndipo kibuyu kizunguke, ili kila mtu ajue hakuna sumu. Waliiita kuonja. Chochote watakachokitilia fedha, nyumba yao ionje kwanza. Walikula kutoka kwenye lile jokofu mwezi mzima.

Kisha wakaja madaktari wa tulizo, wakisema wanaweza kumwondolea mtu mzima woga kwa kufungua fuvu. Wakawapa mtaji, na kwa desturi wakaonja. Rwezaura akalazwa, Bulugu akalazwa. Leokadia akakataa.

"Alisema mmoja wetu lazima abaki akiogopa, la sivyo nani atatuambia tusimame," Mzee alisema, akitupa ganda bondeni. "Basi tukakubaliana. Mtu akileta wazo, tunamtazama Leokadia usoni. Akikunja uso, tunaacha. Hata taa hatukuwa nayo."

"Na Bulugu?"

"Si unajua. Alikwenda kuogelea pale watu wanapokatazwa. Waliokuwa ufukweni walimpigia kelele kwamba kuna mamba, naye akawapungia mkono." Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyosimulia habari ya jokofu.

Nikamwambia namshukuru Mungu kwamba taa leo ilionekana vizuri, kwamba hata mimi nimepona, maana lile tone lingeingia mashuleni sijui ingekuwaje. Akageuka kunitazama, amepigwa na butwaa kidogo.

"Lingeingia? Linaingia, Nkwimba. Tumeongeza fedha maradufu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza kama taa haikuwaka.

"Iliwaka, ndiyo sababu. Sikiliza nikueleze, haya yote yamo kwenye filamu. Leokadia alipofariki tuliketi tukapitia mawazo yote aliyotukataza. Kila moja lilichukuliwa na watu wengine, na kila moja likawa mti mkubwa. Tukagundua kwamba mama yule alikuwa na pua kali kuliko sisi sote, ila tulikuwa tukiisoma kinyume. Kitu kidogo hakimtishi mtu. Kinachotisha ni kile kitakachogeuza maisha ya watu, na hicho ndicho chenye faida. Tangu hapo, nyekundu maana yake ni tia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoajiriwa."

"Hamkuniambia, Mzee."

"Hukuuliza."

Na alikuwa anasema kweli. Watu wa namna yake hawafichi kitu. Mtu huficha kwa sababu anaogopa kitakachotokea siri ikijulikana, na hilo lilishamtoka. Ningeuliza siku ya kwanza, angenijibu siku ya kwanza.

Nikaanza kukumbuka nyekundu zangu. Kulikuwa na vijana wa kuta zinazosikiliza, zile wanazobandika wenye nyumba kwenye vyumba vya kupangisha ili wajue mpangaji anasema nini. Niliogopa siku ile mpaka nikatapika. Baadaye nilipoziona kila mtaa, nilijisemea kwamba wametafuta fedha kwingine. Kaka yangu alifukuzwa chumba kwa ajili ya kuta hizo, na nilimlaani aliyezileta. Aliyezileta nilikuwa mimi, jamani, na moyo wangu huu unaodunda hovyo.

"Jumamosi tunasoma taa mara ya pili na ya mwisho," Mzee alisema. "Ikiwaka tena tunatia saini, na watoto wa chekechea yetu wanaonja siku hiyohiyo. Mjukuu wangu Koku atatangulia, mimi ndiye mwenye nyumba. Shija wako yumo pia."

"Na nisipokuja Jumamosi?"

"Basi tunabaki na usomaji wa leo." Akatabasamu kwa upole kabisa. "Ila njoo. Utapenda pilau."

*

Jioni hiyo nilimwogesha Shija. Ana miaka mitano na kila siku ni vita ileile: anaogopa tundu la kutolea maji. Anaamini litamvuta. Nimemwonyesha kwamba hata mguu wake haupiti, nimeingiza kidole changu mwenyewe, wapi. Maji yakianza kuzunguka ananirukia shingoni akiwa amelowa, sabuni machoni, analia kweli, moyo wake unapiga kifuani kwangu kwa kasi ya kutisha.

Nikiwa nimemkumbatia pale, nguo zangu zimelowa chapachapa, wazo likaja. Tone moja tu na haya yangeisha. Mimi najua kuishi na woga kulivyo. Nilikua nikijinyima safari, marafiki, hata mwanamume mmoja mwema, kwa sababu ya mambo ambayo hayakutokea kamwe. Nani alisema lazima mwanangu apite njia hiyo? Huenda sikuwa nikimtetea. Huenda nilitaka tu asiniache peke yangu huku.

"Mama, limeenda?" akauliza, uso umezikwa begani kwangu.

"Limeenda."

"Usiniweke chini."

Sikumweka. Nilimfuta nikiwa nimembeba, na hapo nikajua jibu langu, ingawa nisingeweza kumweleza mtu yeyote kwenye meza ya wabia. Alikuwa amenishika kwa sababu anaogopa. Ndivyo alivyonijua mimi kuwa mama yake tangu siku ya kwanza. Tone lile lingemwondolea tundu la bafu na mimi pamoja.

Kukimbia naye ningeweza. Lakini ningemkimbizia wapi, ikiwa kesho kutwa hakuna shule itakayompokea? Na wale wengine? Nguzombili ikiacha, hakuna nyumba nyingine iliyo tayari kumpa Zamaradi mtaji. Alikuwa amesema mwenyewe mezani kwamba wote wamemkataa. Kila kitu kilikuwa juu ya taa. Jumamosi taa ikibaki nyeupe, watasema nyekundu ya kwanza ilikuwa hitilafu, hiki ni kitu kidogo, na wataachana nacho. Nilichotakiwa ni kukaa pale nisiogope. Mimi, ninayeogopa lifti.

*

Zamaradi alikuwa amefikia kwenye hoteli karibu na stendi ya zamani. Nilimkuta mgahawani, chai imepoa mbele yake, akiandika na kufuta. Aliponiona alisimama haraka akanivutia kiti.

"Shikamoo dada. Nilikuona ulivyoshtuka juzi. Nilitaka kuja kukuomba radhi."

"Marahaba. Wewe mwenyewe umelitumia?"

Akaisogeza chai pembeni. "Bado."

"Kwa nini?"

"Naogopa," alisema, na tukacheka wote wawili, kicheko kibaya.

Ndipo akaniambia habari za mdogo wake. Mafuriko yaliwakuta milimani Same, yakabeba nyumba na mama yao ndani yake. Mdogo wake alikuwa na miaka minne. Hakupata jeraha lolote, ila tangu siku ile wingu likitanda alijikunyata chini ya meza akijing'ata mikono. Walimpeleka kwa madaktari, wakampeleka kwenye maombi. Alikua hivyo. Akiwa kijana mkubwa mwenye ndevu, msimu mmoja wa vuli mvua haikukatika, naye akanywa sumu ya panya ili isimkute.

"Nikimkumbuka," alisema, "nasema hata kama tone lina ubaya, ubaya upi unazidi ule?"

Nilimwambia tu kwamba ningependa kuonja, mimi ni mtu wa nyumba ile na ndiyo desturi. Uso ukamchangamka. Akatoa kibandiko kwenye mkoba, kidogo, cha rangi ya ngozi, anachotumia kuwaonjesha watu wazima. Ukikibandika shingoni woga unaondoka, ukikibandua unarudi baada ya muda mfupi.

"Utaona," aliniambia akinishika mkono. "Utashangaa kwamba umeishi bila hiki."

Kiganja chake kilikuwa na jasho. Nilikitia kibandiko kwenye sidiria na kuondoka nikiona aibu, kwa sababu binti yule alikuwa ameniamini, nami nilikuwa nakwenda kummaliza.

*

Jumamosi nilimwacha Shija chekechea, nikaingia chooni ghorofani, nikabandika kibandiko chini ya kola.

Nataka kueleza vizuri ilivyokuwa. Sikulewa, wala sikusinzia. Ilikuwa kama mashine ya kusaga iliyokuwa ikinguruma nyumba ya jirani maisha yangu yote imezimwa. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mwanamke wa makamo mwenye macho mazuri. Nikapanda lifti. Nikakaa kwenye kiti changu nikaomba karanga.

Zamaradi akarudia maneno yake, akarudia filamu. Mtoto akamwachia mama mkono akaenda bila kugeuka, nami nikaona ni mtoto hodari. Taa ilikuwa nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho. Wabia wakaanza kutazamana. Mmoja akagonga kioo kwa kidole akidhani imekufa. Zamaradi hakuelewa kinachoendelea, lakini aliziona sura zao, na sauti yake ikaanza kukwama.

"Nkwimba," Mzee aliuliza, "unaumwa?"

"Hapana, Mzee. Nimebandika kibandiko chake."

Nilisema hivyohivyo, kwa sababu aliniuliza. Siku zote nilidhani kilichoufunga mdomo wangu ni akili, au ni mapenzi yangu kwa mtoto. Kumbe ulikuwa ni woga peke yake. Mapenzi yalikuwapo bado, niliyahisi, yamekaa kifuani yametulia, hayana haraka ya kufanya jambo lolote.

"Ulibandika ili iweje?"

"Ili taa isiwake, mkatae. Mnaisoma kinyume, kwa hiyo nilitaka kuwapa nyeupe."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mzee Rwezaura alicheka mpaka akajifuta machozi. Hakuna aliyenikasirikia, kwa nini wakasirike? Nilikuwa nimewaonyesha kwamba kitu kinafanya kazi, tena juu ya mtu mwoga kuliko wote waliopata kuwaona.

"Na sasa," akasema, "hivi ulivyo, unaonaje?"

Nikafikiri kwa haki kabisa. "Sioni ubaya wowote."

Wakatia saini. Wakanisogezea kibao cha ridhaa ya wazazi, nikabonyeza dole gumba mahali palipoandikwa jina la Shija. Upande wa pili wa meza Zamaradi alikuwa amesimama, mikono imekakamaa, ananitazama huku midomo inamtetemeka. Ndiye mtu pekee mle ndani aliyekuwa akiogopa. Nilijiuliza ana nini, kwa kuwa fedha amepata.

*

Pilau iliandaliwa ukumbi wa juu. Nilikula vizuri. Kibandiko kilikuwa kikiniwasha kwa sababu ya pilipili na joto, basi nikakibandua kama mtu anavyotoa uzi kwenye gauni, nikakiweka pembeni ya sahani. Nikaongeza kachumbari.

Woga ulirudi ukianzia miguuni. Kwanza visigino vikawa baridi. Kisha magoti. Kijiko kikaanza kugonga sahani na sikuweza kukizuia. Mbia aliyekaa jirani yangu alikuwa akisimulia habari ya kiwanja, na katikati ya maneno yake nikakiona kidole gumba changu, nikaona kilipobonyeza. Mama yangu. Nilisimama kiti kikaanguka, nikakimbilia ngazi, hizo ambazo siku zote nazishuka nimeshika ukuta. Nilizishuka mbilimbili. Nilianguka pale zinapopinda, nikanyanyuka kiatu kimoja kimebaki.

Ukumbi wa chini una milango mipana inayotazama uani. Watoto walikuwa wamepangwa kwenye benchi refu, sare zao za manjano, kila mmoja na pipi mkononi. Wazazi wao, wabia na wakubwa wa idara, wote watu wa tulizo, walikuwa wamekaa nyuma wakipunga vipeperushi. Zamaradi alikuwa ameinama mbele ya mtoto wa kwanza, Koku, mjukuu wa Mzee, akimfuta pua. Alikuwa ameshamtilia tone lake. Shija alikuwa wa tatu.

Nilisimama mlangoni, nywele zimenisimama, mdomo wazi, mguu mmoja peku, nikimtazama mwanangu.

Shija akaniona. Aliniangalia usoni mara moja tu, na uso wake ukageuka ukawa kama wangu. Pipi ikamdondoka. Akashuka benchi akanijia mbio huku analia kwa sauti yote. Aliyekuwa pembeni yake akamtazama, akanitazama mimi, naye akaanza. Kisha yule wa tano, na wa sita, halafu karibu benchi zima likalipuka kwa kilio na watoto wakatawanyika, wengine uani, wengine chini ya meza, wengine wananipita mlangoni wakinigonga miguu, hawajui wanachokimbia, wameona tu kwamba mtu mzima ameogopa na hilo liliwatosha.

Wazazi hawakuinuka. Walitazama kwa mshangao wa kistaarabu. Mmoja aliuliza kama ratiba imebadilika. Katika watu wazima wote wa ukumbi ule Zamaradi peke yake alisimama. Akatazama benchi tupu, akatazama kichupa mkononi mwake, akakifunga kifuniko. Machozi yalikuwa yakimchuruzika. Sikusubiri kujua analia nini.

Nilitoka na Shija nimemshika mkono, tukapita uani hadi getini. Mlinzi alikuwa ameacha geti ili kuwafukuzia watoto waliojificha kwenye michongoma. Nje ndipo barabara inaposhuka kutoka kwenye machimbo ya kokoto, na malori hushuka pale kwa fujo. Nilikuwa nahema, nimeshikilia nguzo ya geti, nikijaribu kufikiria twende kwa nani.

Hapo Koku akanipita. Alikuwa akitembea taratibu, pipi mdomoni, akigeuza kichwa huku na huku kutafuta wenzake walichokuwa wakikikimbia. Hakuonekana kuwa na shida yoyote. Akashuka ukingo wa barabara kama anavyoshuka kitandani kwao.

Lori lilikuwa linakuja. Dereva akapiga honi, ndefu, ya kuumiza masikio. Koku akainua macho kulitazama, akasimama katikati, anataka kuona itakavyokuwa.

Nilimwachia Shija mkono. Sikumwambia asimame, sikuwa na haja. Honi ilishamtisha, alikuwa amejibanza kwenye nguzo amefumba macho na kuziba masikio, na nilijua hatasogea hapo hata kwa kuvutwa. Nikaingia barabarani na mguu wangu mmoja peku. Sikumbuki nilivyomfikia. Nakumbuka upepo wa lori mgongoni, kokoto zikiturukia, na sisi wawili tumelala kwenye mtaro upande wa pili, mimi juu yake nimemkumbatia.

Nilimgeuza nikampapasa kichwa, mikono, mbavu. Hakuwa ameumia. Alikuwa akinitazama kwa udadisi, pipi bado imo shavuni, akaniuliza kwa nini natetemeka. Nikaweka kiganja kifuani kwake kusikiliza moyo. Ulikuwa unapiga polepole, sawasawa, kama wa mtoto aliyelala.